Komeo la Gladys

East Corbin, Vermont
18 Juni 2017

Shangazi Huguette,

Natumaini hujambo, na kwamba masikio hayajazidi kukusumbua. Sisi tupo. Mama yupo. Ng'ombe wazima wote, isipokuwa Gladys ambaye ana kidonda kwenye kwato, ila anakula kama kawaida na kuramba kila kitu kama kawaida. Mvua imekuwa nyingi, kwa hiyo nyasi za kwanza tumezikata zikiwa na maji.

Nimemaliza shule. Nilivaa joho, nikaitwa jina, nikapanda jukwaani, nikashuka. Watu walipiga makofi. Mama alikuja amevaa koti la baridi na siku ilikuwa ya joto, lakini sikumwambia kitu. Majirani waliokuwa wanatuletea makaroni na jibini tangu mazishi ya Baba wameacha sasa. Vyombo vyao bado viko kwetu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe kwenye simu husikii, na mimi kwenye simu siongei.

Jambo lenyewe ni komeo. Sijui kama unalifahamu. Ni komeo la lango la zizi ambalo ng'ombe hawezi kulifungua kwa ulimi, lakini mtu aliyebeba ndoo mbili anaweza kulifungua kwa kiwiko. Gladys alikuwa anafungua makomeo yote tuliyowahi kununua. Baba alihangaika nalo miaka sita. Mambo ya kiwiko nilianza mimi, nikiwa na miaka kumi na nne, ndiyo maana ombi la hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, lina majina mawili, Normand Marcoux na Colette Marcoux.

Desemba ofisi ya hataza ilikataa. Mkaguzi, Bwana Ostrander, alisema kuna komeo la zamani la banda la farasi, na kuna kitasa cha mlango wa choo cha umma, na kwamba mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hii angeviunganisha na kupata letu. Baba alisoma sentensi hiyo mezani kwa sauti. Akasema, "Mtu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hii ni mimi! Imenichukua miaka sita, na mwisho aliyeliona ni mtoto!" Januari akawajibu kurasa nne.

Mwezi uliopita wamejibu. Juu ya karatasi wameandika kuwa ni kukataliwa kwa mwisho. Mama anasema mwisho ni mwisho, niweke kwenye droo. Wewe ulifanya kazi ofisi ile maisha yako yote. Je, ni hivyo?

Wako,
Colette


Alexandria, Virginia
6 Julai 2017

Mwanangu Colette,

Barua yako nimeipata, asante. Mimi sijambo. Jirani yangu wa juu amenunua mbwa anayebweka mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza nayashukuru masikio yangu. Hongera kwa kumaliza shule. Kidonda cha kwato kioshwe na kikaushwe, msikifunge kikiwa na unyevu.

Kuhusu swali lako. Hapana, si hivyo. Kukataliwa kwa mwisho maana yake ni kwamba mkaguzi amemaliza zamu aliyolipiwa. Ukitaka aendelee, unaomba uchunguzi uendelee, unalipa ada, unapeleka na jibu, naye analazimika kufungua faili upya. Watu hufanya hivyo kila siku. Wengine hufanya mara nne.

Una miezi mitatu tangu tarehe ya barua yao. Inaweza kuvutwa mpaka sita kwa kulipia, haizidi hapo. Ikipita, ombi linahesabiwa kuwa limetelekezwa. Hilo ndilo neno lao, usilichukulie vibaya.

Nilistaafu mwaka jana, kwa hiyo naruhusiwa kukueleza mambo haya. Kusimama kwa niaba yako siwezi. Na ujue mimi nilikuwa upande wa zipu na vifungo vya nguo. Ng'ombe siwajui tena.

Msalimie mama yako.

Shangazi yako,
Huguette


East Corbin
30 Julai 2017

Shangazi mpendwa,

Habari za mbwa? Hapa hali ni ileile. Kidonda kimepona, asante, tulifanya ulivyosema. Mama ameanza kuoka tena, juzi alioka pai ya tufaha, tukala vipande viwili na iliyobaki ikakaa. Maziwa nakamua mimi na Bwana Lucien wa shamba la pili, ambaye anakuja asubuhi. Mama haendi zizini. Anakuja mpaka kwenye lango, ananipa ndoo kwa juu, anarudi.

Nina habari njema. Nimeshaomba! Nilijaza karatasi yote, nikalipa ada kwa hela niliyopewa na watu kwa kumaliza shule, nikatuma kabla ya miezi mitatu kuisha. Sikutaka kukusumbua tena. Jibu wanalo tayari, zile kurasa nne za Baba za Januari. Kwa hiyo sasa tunangoja tu wazisome upya.

Unaniuliza ninaendeleaje? Samahani, hukuuliza. Naendelea.

Colette


Alexandria
19 Agosti 2017

Colette,

Nilikuwa kwa daktari wa masikio, ndiyo maana nimechelewa. Hajapata kitu kipya.

Sikiliza vizuri. Kurasa za Januari si jibu. Hizo ziliwafikia kabla ya kukataliwa kwa mwisho, na kukataliwa huko ndiyo majibu yao kwa kurasa hizo. Zimeshasomwa, zimeshamalizika. Ombi la kuendelea linatakiwa liende na kitu kipya, ama madai ya hataza, zile sentensi za kisheria zinazotaja hasa mnachodai kuwa chenu, yaliyoandikwa upya, ama hoja mpya. Ulichotuma ni bahasha yenye ada na hakuna kitu kingine ndani. Watakuandikia kwamba ombi halikukamilika, na kwamba siku zinaendelea kuhesabiwa. Bado unaweza kuvuta muda mpaka tarehe 12 Novemba. Baada ya hapo hakuna.

Usilie. Nimeona mawakili wenye ofisi za vioo wakifanya kosa hilohilo.

Swali lingine. Karatasi ile inahitaji sahihi za waombaji wote wawili. Upande wa baba yako nani ametia sahihi?

Huguette


East Corbin
10 Septemba 2017

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa habari za daktari. Miti ya kilimani imeanza kuwa myekundu, na watalii wameanza kusimamisha magari mbele ya banda kupiga picha. Mmoja alimwuliza Bwana Lucien kama ng'ombe wetu ni wa kweli. Bwana Lucien akamjibu, "Hapana, tunawapuliza asubuhi." Ningecheka. Nilitaka.

Sikulia. Silii, Shangazi, hata mazishini sikulia, watu walinishika mabega wakidhani najikaza. Sijikazi. Naamka, nakamua, naosha mitungi, lori la maziwa linakuja, nalala.

Barua yao imekuja, imesema kama ulivyosema, neno kwa neno.

Nadhani kitu kipya ninacho. Machi nilikata kipande cha mpira kutoka tairi la zamani nikakifunga chini ya pini ya komeo. Sasa halipigi kelele na barafu hailishiki. Si banda la farasi wala choo cha umma vyenye mpira. Naweza kuuandika kwenye madai?

Kuna jambo lingine. Nilimwambia Mama kwamba wewe unanisaidia. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Huguette? Yule aliyerudisha bahasha ya Normand bila kuifungua?" Nikauliza bahasha gani. Akasema Baba alikutumia michoro ya komeo miaka mitatu iliyopita, ikarudi vilevile na gundi yake, na ndiyo maana hamkuongea tena. Je, ni kweli?

Colette


Alexandria
14 Oktoba 2017

Mwanangu,

Najua nimekawia. Sina sababu ya kukupa. Kumekuwa na joto lisilo la msimu.

Kipande cha mpira hakiwezekani. Kilichokuwemo kwenye maandishi siku ombi lilipopokelewa ndicho kilichomo, huwezi kuongeza hata msumari. Unaruhusiwa kupunguza, kupanga upya, na kusema kwa uwazi zaidi kile kilichokwisha kuandikwa siku ile. Mpira wako ni wako peke yako, unaweza kuuombea hataza yake siku nyingine. Hili ni ombi la siku ile.

Kwa hiyo rudi kwenye maandishi ya mwanzo. Usisome madai, soma maelezo, zile kurasa ambazo mwombaji anasimulia tu. Watu wasio na wakili huandika jambo lao kubwa humo, kwenye sentensi wanayoiona ya kawaida, halafu kwenye madai wanalisahau. Tafuta kitu ambacho banda la farasi halina na choo hakina.

Kisha mpigie simu mkaguzi. Ndiyo, simu. Namba yake iko mwisho wa barua ya kukataa, huwa inawekwa pale ili watu wapige. Hawapigi. Nilikaa pale miaka mingi, na walionipigia wakaniuliza tu "Bibi, unataka kuona nini?" nawakumbuka wote. Yeye si adui. Ni mtu aliyepewa saa chache za kuangalia komeo.

Umebakiwa na wiki nne. Kwa mara ya pili nakuuliza: upande wa baba yako nani ametia sahihi?

Bahasha. Ndiyo, niliirudisha. Mfanyakazi wa ofisi ile haruhusiwi kugusa ombi la mtu yeyote nje ya kazi yake, wa damu ndiyo kabisa. Ningeifungua ningekuwa nimevunja kiapo. Niliandika juu yake "Irudishwe kwa mtumaji" kwa sababu hata barua ya kueleza niliona ni kugusa.

Huguette


East Corbin
29 Oktoba 2017

Shangazi mpendwa,

Barua hii ni ndefu, nisamehe. Habari za nyumbani zitafuata kwa sababu zimo humohumo.

Nilisoma maelezo. Nilikaa jikoni na kurasa zote. Ulikuwa sahihi, iko kwenye ukurasa wa saba, baada ya Baba kueleza kwa urefu rangi gani ya chuma inafaa, kana kwamba kuna mtu aliyemwuliza. Ameandika hivi: "Ng'ombe akisukuma lango kwa kichwa huku anaramba, pini inazama zaidi, kwa hiyo kadiri anavyotaka kutoka ndivyo anavyojifungia mwenyewe." Basi. Sentensi moja. Kwenye madai aliandika tu kwamba ni komeo linaloinuliwa. Farasi wa lile banda la zamani akisukuma, hakitokei kitu. Chooni hakuna anayesukuma.

Nikapiga simu. Nilipiga mara ya kwanza nikakata. Nikaenda kulisha ndama, nikarudi, nikapiga tena. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kadi nikayasoma kama shuleni.

Akasema, "Ostrander." Sauti yake ina mafua.

Nikasema, "Bwana, naitwa Colette Marcoux, nimepiga kuhusu komeo, nataka kujua unataka kuona nini."

Akasema, "La ng'ombe?"

"Ndiyo, bwana."

"Aisee. Hili komeo! Ngoja nilifungue." Nikasikia anabofya. "Enhe, Bi Marcoux. Niambie ukweli. Ng'ombe anafungua mlango kwa ulimi? Au ni maneno ya kupamba ombi?"

"Anafungua, bwana. Wetu alifungua makomeo sita."

"Ulimi una urefu gani kwani?"

"Mrefu kuliko unavyofikiri."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye amezaliwa ghorofa ya tisa, ng'ombe anamjua kwenye pakiti. Nikamsomea ile sentensi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hilo halimo kwenye madai."

"Najua. Limo kwenye ukurasa wa saba."

"Nimeona. Nilipita hapa mara mbili, nikadhani anapiga hadithi." Akasema siwezi kumshika kwa ahadi yoyote, lakini nikilileta ndani ya dai la kwanza, kwamba pini inazama kwa nguvu ya mnyama mwenyewe, atalazimika kutafuta upya, na hajui kama atapata. Halafu akasema, "Bwana Marcoux yupo hapo? Ningependa na yeye anithibitishie. Kurasa zake nne za Januari alinitukana vizuri sana, nilimsomea mke wangu."

Nilikuwa nimesimama karibu na jokofu. Kwenye kadi hapakuwa na kitu cha kusema hapo.

Nikasema, "Amekufa. Februari. Alianguka langoni, mimi ndiye niliyemkuta."

Sijawahi kuyasema maneno hayo, Shangazi. Watu wote hapa walijua kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa lazima nimwambie mtu wa Virginia mwenye mafua.

Akasema pole. Kisha akasema, taratibu, kwamba kwenye karatasi ya Julai kuna sahihi ya Normand Marcoux.

Basi umepata jibu lako. Niliitia mimi. Naijua kuliko yangu. Sikutaka kudanganya mtu, nilikuwa nimefika kwenye ule mstari na kalamu ikaendelea tu. Bwana Ostrander akasema karatasi ile haikukamilika hata hivyo, haina nguvu. Akasema mpya iseme ukweli kuhusu ya zamani, na itiwe sahihi na atakayesimama mahali pa marehemu kisheria. Huyo ni Mama.

Nilipoweka simu chini Mama alikuwa mlangoni, na kikapu cha nguo. Amesikia yote. Nikafikiri atakwenda zake. Akasema, "Lete hiyo karatasi."

Nikampa dai jipya. Akalisoma kwa sauti, polepole, "komeo ambalo mnyama, kwa kusukuma, anajifungia mwenyewe." Akasema, "Normand aliandika hivi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwanamume yule hakuwahi kuniandikia hata kadi ya Krismasi, kumbe anaweza kuandika." Akakaa chini na koti lake. Akatia sahihi pale nilipomwonyesha, na chini yake akaandika jina lake lote na "kwa niaba ya mume wangu", ingawa hawakuuliza hilo la pili.

Nimetuma jana, ombi, ada, madai, maelezo ya sahihi, kila kitu ndani. Bwana Lucien alinipeleka posta.

Mama bado haingii zizini.

Colette


Alexandria
20 Novemba 2017

Mwanangu Colette,

Nimeangalia kwenye rejista ya ofisi. Wamelipokea kabla ya tarehe. Uchunguzi unaendelea. Sasa ni kungoja, inaweza kuwa miezi.

Kuhusu sahihi sina la kusema. Nilitaka tu uniambie.

Februari nilikuwa na tiketi ya ndege ya kuja mazishini. Nilifika mpaka uwanjani. Nilikaa pale mpaka walipofunga mlango, sikusikia wakiita, au nilisikia.

Nimesoma ukurasa wa saba, kwa kuwa ombi sasa liko wazi kwa umma na kila mtu anaruhusiwa kulisoma. Nimesoma zote, pamoja na zile za rangi ya chuma. Normand alikuwa hivyo tangu mdogo, ukimwuliza saa anakueleza saa imetengenezwaje.

Normand. Sijaliandika jina hili muda mrefu.

Kula vizuri. Theluji ikianza, pakeni mafuta kwenye bawaba.

Shangazi yako


East Corbin
25 Februari 2018

Shangazi mpendwa,

Tunakusalimu, mimi na Mama, yeye kaniambia nikuandikie hivyo kwa maneno hayo. Theluji imefika madirishani. Mafuta tulipaka. Gladys anatarajia kuzaa Aprili, na amekuwa mkali.

Alhamisi ilikuja bahasha kubwa. Mama aliifungua kwa kisu cha siagi. Wamekubali. Madai yote, isipokuwa moja dogo ambalo Bwana Ostrander amelirekebisha mwenyewe. Kuna ada ya mwisho na karatasi ya kuhakikisha majina. La kwanza Normand Marcoux, la pili langu. Tumehakikisha.

Nilidhani kitatokea kitu. Mama aliweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akasema, "Haya." Nikasema, "Haya." Saa ya kukamua ilikuwa imefika, nikavaa buti. Imetimia mwaka mmoja wiki hii, hakuna aliyesema.

Nilikuwa chini ya ng'ombe wa tatu niliposikia lango. Nikajua si Bwana Lucien, kwa sababu yeye huliachia lijigonge. Nikainua kichwa. Mama alikuwa upande wa nje na ndoo mbili za maji ya moto, mvuke wa maji unamfunika uso. Upande wa ndani Gladys alikuwa amelisukuma lango kwa paji la uso, anaramba pini kwa ulimi wote, na pini imezama, haiendi popote.

Mama akamwambia, "Sogea, mpumbavu wewe. Unajifungia mwenyewe."

Gladys akasogea. Mama akasimama kidogo pale, pale hasa. Sikunyanyuka. Halafu akainua kiwiko, akakosa, akainua tena. Likafunguka. Akapita, likajifunga nyuma yake, akaweka ndoo chini karibu nami akasema maji yatapoa.

Ndipo nilipolia, Shangazi, na kichwa changu kwenye ubavu wa ng'ombe, na maziwa yakaendelea kutoka. Mama alikamua waliobaki.

Anasema barabara zitakuwa safi kufikia ndama atakapozaliwa, na kitanda cha chumba cha nyuma tumekitandika. Ukifika usiite, hatutasikia kwa kelele za mashine ya kukamulia, na wewe hutasikia tukiitika. Njoo moja kwa moja zizini. Lango utalikuta limefungwa. Usilisukume. Weka kiwiko chini ya chuma cheusi, inua kwanza, kisha vuta kwako.

Mpwa wako,
Colette